Rumaliza wa Ujiji: Ziwa limebaki, utawala umekwenda

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mfalme wa wafalme, ambaye ufalme wake hauna mwanzo wala ukomo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, miongoni mwa mambo ambayo Qur'ani Tukufu imeyarudia mara nyingi ni kututaka tutembee katika ardhi na tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tunaposikia agizo hilo fikra zetu huenda mbali. Humkumbuka Firauni aliyezama baharini, watu wa Adi na Thamudi ambao majumba yao yalibaki matupu, na Qaruni aliyemezwa na ardhi pamoja na hazina zake. Mara chache hukumbuka kwamba nchi yetu wenyewe nayo ina makaburi na magofu, na kwamba yanazungumza kwa yule mwenye masikio.

Katika safu ya leo tutakwenda Ujiji, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, tuyatazame maisha ya mtu ambaye katika karne ya 19 jina lake lilitetemesha pande zote za ziwa hilo. Huyo ni Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani, ambaye historia inamfahamu zaidi kwa lakabu ya Rumaliza. Hatumtaji kwa ajili ya kumsifu, wala kwa ajili ya kumtukana maiti ambaye hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunamtaja ili tujitazame sisi tulio hai.

Mji ulioitwa mwisho wa njia

Kabla ya kumfahamu mtu ni vyema kuufahamu mji wake. Ujiji haukuanzishwa na wageni. Wajiji, ambao ni jamaa wa Waha, walikuwa wavuvi, wakulima wa michikichi na wapiga makasia hodari tangu zamani. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianza kufika huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Walifuata njia ndefu iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, zaidi ya kilomita 1,200, mwendo wa miezi mitatu au zaidi kwa miguu.

Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji ukiwa tayari ni soko mashuhuri. Hapo paliuzwa dagaa, mawese, chumvi ya Uvinza, nafaka, mbuzi na vyombo vya udongo. Fedha ya soko ilikuwa shanga maalumu zilizoitwa sofi, na watu walizihesabu kama sisi tunavyohesabu noti. Lakini bidhaa mbili zilikuwa juu ya zote, nazo ni pembe za ndovu na binadamu. Mateka walivushwa kwa mitumbwi kutoka Manyema na nchi nyingine za magharibi ya ziwa, wakateremshwa Ujiji, kisha wakaunganishwa na misafara ya kwenda pwani. Wengi hawakuiona bahari. Walifia njiani kwa njaa, maradhi na uchovu.

Kabla ya siku za Rumaliza mkubwa wa watu wa pwani hapo Ujiji alikuwa Mwinyi Kheri. Stanley aliporejea mwaka 1876, miaka mitano baada ya kukutana na Livingstone katika mji huo huo, alimkuta Mwinyi Kheri ndiye mwenye kauli. Baadaye Sultani Barghash bin Said wa Unguja alimtambua rasmi, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea kando ya ziwa. Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Kiti kikabaki wazi, na aliyekuwa tayari kukikalia alikuwa mtoto wa Lindi.

Kupanda kwa Rumaliza

Muhammad bin Khalfan alizaliwa Lindi katika miaka ya 1850. Ukoo wake, al-Barwani, ulitoka Oman na kustawi katika pwani ya kusini, na jina lake linajulikana hadi leo kuanzia Lindi hadi Unguja. Kama vijana wengi wa zama zake, aliingia bara kutafuta mali. Huko alifungamana na Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote katika bara la kati. Tippu Tip alimsaidia kwa mtaji na kwa heshima ya jina lake. Wakawa washirika: mmoja akielekea Manyema na mto Kongo, mwingine akishika ziwa.

Lakabu ya Rumaliza ilifahamika kwa maana ya mtu anayemaliza, asiyebakiza kitu nyuma yake. Mwenye kutafakari na asimame kidogo hapa. Wapo watu ambao majina yao ya sifa yaliwajia kwa ukarimu, kwa elimu au kwa uadilifu. Abubakar (R.A.) aliitwa Msadikishaji, Umar (R.A.) akaitwa Mpambanuzi wa haki na batili. Huyu alijulikana kwa kumaliza, na lakabu hiyo ilimtangulia kila alikokwenda.

Katikati ya miaka ya 1880 Rumaliza alikuwa ndiye bwana wa Ujiji. Mitumbwi yake ilifika kaskazini hadi Uvira na mwambao wa Burundi, na magharibi hadi nchi zinazoelekea Manyema. Alikuwa na mamia ya watu wenye bunduki, na vituo vya watu wake vilikuwa vimetapakaa kando ya maji. Wamisionari wa Kiingereza na wa Kifaransa waliojenga kandokando ya ziwa walilazimika kuzungumza naye, maana hakuna chombo kilichopita salama bila ya ridhaa yake. Katika Ujiji paliswaliwa, palifungwa, palisomwa Qur'ani na maulidi. Na katika Ujiji hiyo hiyo palikuwa na mateka waliotenganishwa na mama zao.

Hata hivyo, Mwenyezi Mungu alimwonyesha mapema kwamba nguvu zake zina mpaka. Alipojaribu kuingia ndani ya Burundi alizuiwa na majeshi ya mfalme Mwezi Gisabo, ambaye watu wake walipigana kwa mishale na mikuki. Bunduki za Ujiji hazikufua dafu katika milima ile. Hilo lingetosha kuwa onyo, lakini binadamu aliyezoea kushinda huliona onyo kama ajali iliyopita.

Maji yaliporudi nyuma

Kuna jambo katika historia ya ziwa lenyewe ambalo mwenye kuzingatia hawezi kulipita. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Katika miaka ya 1870 maji yake yalipanda sana, hadi ilipofika mwaka 1878 yakavunja kizuizi cha matope na mimea katika mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, na kuanza kumwagika kwa nguvu. Tangu hapo kina kilishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 maji yalikuwa yameteremka kwa takriban mita 10. Ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali na nyumba za watu. Mahali palipofungwa mitumbwi pakawa nchi kavu.

Miaka ya kushuka kwa ziwa ndiyo iliyokuwa miaka ya Rumaliza. Alipokuwa akihesabu pembe zake na watu wake, ziwa lilikuwa likimwondokea chini ya miguu. Hatusemi kwamba maji yalishuka kwa ajili yake; ziwa lina sababu zake alizoziweka Muumba. Tunasema kwamba ishara ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na aliyetaka kuisoma angeisoma: kisichosimama ndani ya ziwa hilo kubwa hakiwezi kusimama ndani ya mkono wa mja.

Kuanguka

Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa Berlin, mwaka 1884 na 1885, yakagawana nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona. Upande wa magharibi wa ziwa ukahesabiwa kuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Upande wa mashariki ukawa wa Wajerumani. Hakuna aliyemuuliza Rumaliza, wala Mwezi Gisabo, wala mvuvi wa Kijiji.

Tippu Tip alilisoma wingu mapema. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Leopold huko Stanley Falls, na kufikia 1891 alikuwa amerudi Unguja. Waliobaki bara walichagua vita au walisukumwa ndani yake. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga boma aliloliita Albertville katika pwani ya magharibi ya ziwa, mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza walilizingira boma hilo, lakini halikuanguka.

Mwaka 1893 majeshi ya Kongo ya Leopold, chini ya Francis Dhanis, yaliteka Nyangwe na Kasongo, miji mikuu ya watu wa pwani huko Manyema. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa vitani mwaka huo huo. Rumaliza alivuka ziwa na kuingia vitani kwa nguvu zake zote. Kwa miezi kadhaa alipigana nyuma ya maboma ya miti, na kwa muda ilionekana kama kwamba angeweza kuwarudisha nyuma maadui zake.

Mwezi Januari 1894 mambo yakaisha. Kombora la mzinga lilianguka ndani ya boma lake, moto ukashika mapaa ya nyasi, na ghala ya baruti ikalipuka. Katika muda mfupi kilichojengwa kwa zaidi ya miaka kumi kikawa moshi. Wengi waliungua, wengine walizama mtoni wakikimbia, na waliosalia wakajisalimisha. Rumaliza mwenyewe aliokoka na kukimbilia mashariki. Yule aliyeitwa anayemaliza alikuwa amemalizwa, na hakuwa bado ametimiza miaka hamsini.

Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji. Bendera ya Sultani haikupepea tena ziwani.

Siku za pwani

Mwenye madaraka anapoanguka hufahamu kwa haraka nani alikuwa rafiki yake na nani alikuwa rafiki wa kiti chake. Rumaliza alirudi pwani kama mtu binafsi. Ushirika wake na Tippu Tip, ambao uliwahi kuligawa bara la kati, uligeuka kuwa ugomvi wa mali uliofikishwa mbele ya mahakama. Wazee wawili waliokuwa wakiamua maisha ya maelfu ya watu sasa walingoja hukumu ya kadhi na hakimu juu ya nani anamdai nani. Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905, akiwa ameyaacha mashamba yake, nyumba yake ya Mji Mkongwe na kitabu cha maisha yake alichokisimulia kwa Kiswahili.

Jina la Rumaliza lilisikika tena mwaka 1908 katika jambo la ajabu. Katika eneo la Lindi, kwao alikozaliwa, ulienea waraka ulioitwa Waraka wa Makka. Waraka huo ulidai kuwa umetoka miji mitakatifu, ukiwaonya Waislamu kwamba dunia imekaribia kwisha, na ukiwataka watubie na kuyaacha maasi. Watu wengi walijaa misikitini, na Wajerumani, ambao hofu ya vita vya Majimaji ya 1905 hadi 1907 ilikuwa bado haijawatoka, waliingiwa na wasiwasi mkubwa. Katika uchunguzi wao jina la Muhammad bin Khalfan, aliyekuwa akiishi Unguja, lilitajwa miongoni mwa waliohusishwa na kueneza waraka huo.

Masheikh wetu wameeleza mara nyingi kwamba nyaraka za namna hiyo, ambazo zimeendelea kuzunguka hadi leo, hazina msingi katika dini. Siku ya Kiyama anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, na hatuhitaji ndoto ya mtu ili tuambiwe tutubie. Pamoja na hayo, kuna la kuzingatia. Jina ambalo zamani lilikwenda pamoja na bunduki na minyororo, miaka kumi na minne baadaye likawa linakwenda pamoja na karatasi inayohimiza toba. Ikiwa moyo wake ulikuwa umegeuka kweli, hilo ni baina yake na Mola wake ambaye mlango wa toba yake haufungwi mpaka roho ifike kooni. Nasi tunamwombea kama tunavyojiombea. Mauti, ambayo hayakumwacha mtume wala mfalme, nayo yalimfika.

Walioshinda nao wako wapi?

Asije mtu akadhani kwamba funzo hili ni la walioshindwa peke yao. Tuwatazame walioshinda.

Leopold aliingia Kongo kwa kisingizio cha kukomesha biashara ya watumwa. Utawala wake ukageuka kuwa utumwa mpya wa mpira, wa viboko, wa mateka na wa mikono iliyokatwa, na idadi kubwa mno ya watu walipotea. Mwaka 1908, mwaka ule ule wa Waraka wa Makka, dunia ilipopiga kelele, alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Alikuwa hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Dhanis, aliyemshinda Rumaliza, aliasiwa na askari wake mwenyewe mwaka 1897. Alifariki Novemba 1909, na mfalme wake akamfuata Desemba mwaka huo huo.

Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914, wakajenga stesheni na bandari kama watu watakaokaa milele. Mwaka 1915 waliteremsha majini meli kubwa ya Goetzen. Julai 1916 waliizamisha kwa mikono yao wenyewe wakikimbia, na Wabelgiji wakaushika mji. Wabelgiji nao wakawapisha Waingereza mwaka 1921. Waingereza waliinua meli ile kutoka chini ya maji, wakaipa jina la Liemba, na ikarudi kazini mwaka 1927. Mwaka 1961 wao pia wakateremsha bendera yao. Mwinyi Kheri, Rumaliza, Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza: wote hao katika umri wa mtu mmoja mwenye maisha marefu. Mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1880 na akajaaliwa umri wa miaka 81 aliwaona wote wakija na kuondoka.

Na hata kwao Rumaliza, mji ule uliomfanya mkubwa haukubaki vile. Reli ilipoishia Kigoma, biashara iliuhama Ujiji. Soko la pembe likawa historia.

Kilichobaki

Basi ni kipi kilichobaki? Hapa ndipo ilipo hekima ambayo moyo wa muumini unapaswa kuikamata.

Wengi wa Waislamu wa Ujiji leo, na wengi wa Wamanyema walioko Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, wanatokana na watu waliovushwa ziwa hilo wakiwa mateka, wafuasi au wakimbizi. Hawakurithi bunduki za Rumaliza wala pembe zake. Walichokichukua ni neno la Tauhidi, ambalo halikuwa mali yake wala ya mtu yeyote. Uislamu wa kandokando ya ziwa ulienea zaidi baada ya mabwana wa misafara kuondoka, kwa kazi ya walimu wa vyuo wasio na mali, kwa zikri za Qadiriyya, kwa akina mama waliofundisha watoto wao Fatiha. Dini haikusimama kwa nguvu ya yule mwenye nguvu, ilisimama alipoondoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye ncha ya pili ya njia ile ile, Bagamoyo. Katika miaka hiyo ya misafara aliletwa huko mtoto kutoka Manyema akiwa mtumwa, akaingia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, aliyekuwa liwali. Hakuwa na ukoo wa kujivunia wala shamba. Mwenyezi Mungu akamfungulia mlango wa elimu. Akasoma, akafundisha, akawa khalifa wa Qadiriyya ambaye wanafunzi wake walitapakaa hadi bara. Huyo ni Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Wajerumani walipoondoka mwaka 1916, Waingereza walimweka kuwa liwali wa Bagamoyo. Mtoto aliyeingia mjini akiwa mtumwa katika nyumba ya liwali akawa liwali mwenyewe. Alifariki mwaka 1931, na maulidi ya zawia yake yamekusanya umati mwaka hadi mwaka.

Ndugu zangu, linganisheni. Mmoja alikuwa na ziwa zima, na watu walimkimbia. Mwingine hakumiliki hata nafsi yake, na watu wakamfuata kwa mapenzi hadi baada ya kaburi. Huo ndio mwendo wa Mola wetu tangu siku za Bilal (R.A.), mtumwa aliyelazwa juani na matajiri wa Makka, ambaye sauti yake ndiyo iliyoadhini juu ya Al-Kaaba huku mabwana wa jana wakisikiliza.

Mafunzo kwetu

Funzo la kwanza ni kwamba jina la Kiislamu halimkingi mwenye kudhulumu. Wapo miongoni mwetu wanaoona tabu kuyasikia haya ya Ujiji. Husema kwamba habari hizi ziliandikwa na Wazungu ili kuuchafua Uislamu. Ni kweli kwamba Leopold na wenzake walizitumia habari hizo kwa ajili ya tamaa zao, na kwamba dhuluma yao haikuwa ndogo. Lakini dhuluma ya Leopold haioshi dhuluma ya mwingine. Uislamu ulipokuja uliwakuta watu wana watumwa, ukafanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya madhambi na ibada kubwa. Surat Al-Balad imeitaja kazi hiyo mwanzoni kabisa mwa njia ngumu ya mlimani ambayo mja anatakiwa aipande. Aliyekwenda kuvunja vijiji ili kuwafanya watumwa watu huru alikuwa akiteremka mlima huo, japo ndimi zilitaja jina la Mungu. Waislamu tukilisema hili sisi wenyewe, kwa insafu, hatuidhuru dini yetu. Tunaitakasa kutokana na matendo yasiyokuwa yake.

Funzo la pili ni habari ya muflisi ambayo Mtume (S.A.W.) aliwafundisha sahaba zake. Alieleza kwamba muflisi wa kweli ni yule atakayefika siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, alikula mali ya yule, na alimwaga damu ya mwingine. Mema yake watagawiwa wale aliowadhulumu mpaka yamalizike, kisha atatwishwa madhambi yao. Tazama jinsi hesabu hiyo inavyomgusa kila mwenye watu chini yake. Leo hakuna misafara ya minyororo, lakini yupo mwajiri anayezuia ujira wa mfanyakazi wa ndani. Yupo tajiri wa mitumbwi anayemla mvuvi wake kwa deni lisilokwisha, yupo mwenye cheo anayechukua shamba la mjane, na yupo mlezi anayekula mali ya yatima. Kila mmoja wa hao ana Ujiji yake ndogo, na kila mmoja anadhani mabomu ya Januari 1894 hayamhusu.

Funzo la tatu ni kuhusu cheo chenyewe. Katika Surat Saba tumeelezwa kuhusu Nabii Sulaiman (A.S.), aliyepewa ufalme ambao hakupewa mwingine baada yake. Mauti yalimkuta amesimama ameegemea fimbo yake, na majini waliendelea kufanya kazi wakidhani yu hai, mpaka mdudu mdogo wa ardhini alipoila fimbo ikakatika. Ikiwa ufalme wa Nabii, uliojengwa juu ya haki, uliegemea kijiti ambacho mdudu alikitafuna, je, ufalme uliojengwa juu ya machozi ya watu umeegemea nini? Mwenye cheo, ujumbe wa mtaa au ukubwa wa nchi, na aiangalie fimbo yake leo. Cheo ni amana, na amana ina siku ya kurudishwa.

Funzo la nne ni la sisi tusio na cheo. Huenda mtu akasema: mimi si mtawala, funzo hili si langu. Lakini mauti hayaulizi ngazi. Kila mmoja ni mchungaji wa kitu fulani: mume kwa nyumba yake, mama kwa watoto wake, mwalimu kwa wanafunzi wake, muuza dagaa kwa kipimo chake. Sote tuko katika ufukwe ambao maji yake yanarudi nyuma siku hadi siku. Umri ni kama ziwa lile: hatuoni likishuka, mpaka tunapogeuka na kukuta mtumbwi wetu umekaa juu ya mchanga.

Leo mtu akisimama Ujiji baada ya swala ya Alasiri ataona miembe, nyumba za kale na wavuvi wakitengeneza nyavu zao. Ziwa, ambalo katika miaka ya 2020 limepanda tena na kuwahamisha baadhi ya watu wa ufukweni, liko pale pale. Adhana inasikika, na wanaoiitikia wengi ni wajukuu na vitukuu wa wale ambao zamani walihesabiwa pamoja na bidhaa. Aliyewahesabu hayupo.

Basi tuzirejeshe haki za watu kabla hazijadaiwa mahali ambapo hakuna dinari wala dirhamu. Tuwaombe radhi tuliowakosea wakiwa hai. Tupande jambo ambalo litabaki baada yetu: elimu yenye kunufaisha, sadaka yenye kuendelea na mtoto mwema wa kutuombea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu wote waliokufa katika njia ya Ujiji na Bagamoyo bila ya kaburi wala jina, amsamehe kila aliyetubia kwake kwa kweli, na atujaalie tuondoke duniani hali hatuna deni la dhuluma shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.